Simu inaita, sauti haifiki
Tuseme chuo kama Sigalagala National Polytechnic, Kakamega, kimeweka seva ya SIP. Mwalimu akipiga kutoka nyumbani, simu inaita lakini hasikiki, au hasikii. Chanzo ni NAT: simu yake hujitambulisha kwa anwani ya ndani ya ruta, mfano 192.168.1.20, isiyofikika kutoka nje. Sauti inayotumwa huko hupotea.

Kwenye Asterisk inayotumia PJSIP, weka force_rport=yes, rewrite_contact=yes na rtp_symmetric=yes, ili seva ijibu kule pakiti zilikotokea. Weka direct_media=no, sauti ipitie kwa seva. Kwenye AOR, qualify_frequency=30 huzuia ruta kufunga njia.

Seva ikiwa nyuma ya ruta pia, itajie anwani yake ya nje. Nywila ziwe ngumu. Wezi wakiingia, watapiga ng'ambo na bili italipwa na chuo.