Mukau: Mti Uliokataa Kuota

Wasee, kama kwenu ni Kitui ama Makueni, angalia mlango wa nyumba ya susu wako. Kama ni wa kitambo na mchwa hawajaugusa, pengine ni mukau.

Vitabuni unaitwa Melia volkensii, kwa jina la Georg Volkens, Mjerumani aliyekuwa Kilimanjaro miaka ya 1890 akichunguza mimea. Wakamba walikuwa wanaujua zamani. Magogo yake walichonga mizinga ya nyuki, na wakati wa kiangazi majani yake yalilisha mbuzi. Kiukoo ni binamu ya mahogani ya misitu ya mvua, na huo ubora wa mbao ndio uliouponza. Mikubwa ikakatwa, na midogo ya kushika nafasi yake haikuwepo.

Mbona watu hawakupanda tu? Hapa ndio stori inanoga. Mbegu ya mukau imefungiwa ndani ya kokwa ngumu kama mfupa. Ukiifukia tu, utangoja sana! Wakulima waliona miche inachipuka kwa boma la mbuzi, maana mbuzi hula tunda na kutema kokwa, wakawa wanaing'oa hapo na kuihamisha. Watafiti wa KEFRI nao wakafundisha njia yao: pasua kokwa kwa kisu na nyundo, toa mbegu bila kuiumiza, kata ncha kidogo, loweka, chana ganda, ndio upande. Moja moja, buda. Ndio maana mche wa mukau si wa bei ya sukuma wiki.

Kuanzia 2012, KEFRI na Wajapani wa JICA walitafuta miti bora iliyobaki maeneo kame, wakaunganisha vitawi vyake kwenye miche, na kuanzisha mashamba ya mbegu Tiva, Kitui, na Kibwezi, Makueni. Kazi safi. Lakini walichagua iliyonyooka na kukua haraka. Ule uliopinda huko porini hauna wa kuutetea, na huenda ndio wenye kinga ya ugonjwa ambao bado haujatufikia.

Januari 2018 Gavana Charity Ngilu alipiga marufuku biashara ya makaa Kitui. Mwezi uliofuata lori la makaa likachomwa, na nchi nzima ikabishana kuhusu makabila na siasa. Miti yenyewe? Ilitajwa kidogo sana.

Mukau uliopandwa leo utatoa mbao baada ya miaka 10 hadi 15. Karo inadaiwa Januari. Kabla kaunti ipige marufuku nyingine, ikae kwanza na huyo mzazi mwenye mukau shambani.