Vitabu vya kufundisha senario: vinafaa kununuliwa?

Kijana mmoja anayeishi kambini na mama yake alinifuata baada ya kipindi. "Kaka, nimeweka dola 20 pembeni. Ninunue kitabu cha kufundisha kuandika filamu?" Kabla ya kumjibu, ilibidi nitazame vitabu hivyo vimetoka wapi.

Vilianza kuenea Marekani, enzi za filamu zisizo na sauti. Kampuni zilikuwa na njaa ya hadithi, zikanunua hata kwa watu wa kawaida walioandika nyumbani na kutuma kwa posta. Mara wakatokea wauza masomo. Anita Loos aliuza hadithi ya The New York Hat, filamu iliyotoka mwaka wa 1912. Kitabu chake cha kufundisha, alichoandika na John Emerson, kilitoka 1920. Kazi ilitangulia, kitabu kikafuata.

Kilichovuma zaidi ni Screenplay cha Syd Field, mwaka wa 1979. Kurasa 120, kila ukurasa dakika moja: 30 za mwanzo, 60 za kati, 30 za mwisho. Wengi wameshika hesabu hiyo kama sheria. Lakini Field alikuwa amefanya kazi ya kusoma masenario yaliyoletwa kwa kampuni, na mengi hayakufaa. Ndiyo maana alijua vizuri mahali hadithi inapougua. Kukutafutia hadithi yenyewe, hilo asingeweza.

Miaka 16 kabla ya kitabu hicho, Ousmane Sembène wa Senegal alitoa Borom Sarret. Ni dakika kama 20 tu: siku moja ya mwenye mkokoteni wa farasi mjini Dakar, ambaye mwishowe anarudi nyumbani bila mkokoteni. Mtu wa chukudu hapa kwetu ataielewa bila kuelezwa. Na Sembène alisoma, tusidanganyane; alikwenda Moscow kujifunza filamu. Ila alikwenda akiwa tayari ameandika riwaya.

Basi nilimwambia kijana dola zake azishike. Aandike kwanza, kisha aazime kitabu na kukisoma huku maandishi yake yakiwa mkononi.

Jumatatu amerudi na kurasa 12 juu ya safari ya mama yake kutoka kijijini. Kuanzia ukurasa wa 4 hadi wa 7 hakuna kinachosonga. Hapo Field angemsaidia. Lakini pale mama anapogeuka njiani, risasi zikilia, arudie sufuria yake, nilisoma mara mbili, na sikuona cha kurekebisha.