Mintarafu ya Maji Yaitwayo "ya Asili": Lumi, Jipe na Mpaka wa 1886

Katika mizozo ya maji baina ya dola, hesabu mbili hutangulia hukumu. Ya kwanza ni ya maji ambayo mto ungalikuwa nayo lau mwanadamu asingaliugusa. Ya pili ni ya maji yapoteayo njiani kwa kuvukizwa na jua, kunywewa na ardhi na kufyonzwa na mimea. Aghalabu hesabu hizi hutajwa kana kwamba ni vitu vilivyoonwa kwa macho, ilhali zote mbili ni makadirio. Historia ya maji ya Taita Taveta yaonyesha jinsi makadirio hayo yanavyofungamana na swali la nani alikuwapo, na tangu lini.

Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 yaliuanzisha mpaka kwenye mlango wa mto Umba, yakaunyosha hadi ziwa Jipe, yakauzungusha kando ya mashariki na kaskazini ya ziwa hilo, yakauvusha mto Lumi, kisha yakaupitisha kati ya nchi ya Wataveta na nchi ya Wachaga. Kwa maneno hayo ziwa lote liliangukia upande wa Wajerumani. Leo mpaka wapita ndani ya ziwa lenyewe. Walioandika kifungu hicho waliyatumia maji kama alama za njia. Mgawanyo wa maji haukuwa shughuli yao.

Hata hivyo maji yaliendelea na mkondo wake. Lumi hutoka miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro, hupita Taveta na kuingia Jipe. Kutoka Jipe hutoka mto Ruvu, ambao huingia Tanzania na kukutana na Kikuletwa katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960. Kutoka hapo Pangani huteremka hadi Bahari ya Hindi, ukizungusha mitambo ya umeme njiani. Hivyo kila mojawapo ya nchi hizi mbili ni ya juu na ya chini kwa wakati mmoja, na hoja ambayo Kenya ingeitoa juu ya Lumi, Tanzania yaweza kuirudisha juu ya Ruvu.

Sasa, mtiririko wa asili wa Lumi ni upi? Njia ya kawaida ni kuyachukua maji yaliyopimwa mahali fulani, kuyajumlisha na yaliyotolewa juu ya mahali hapo, na kuyaondoa yale yaliyorudi mtoni baada ya kumwagilia. Lakini wasafiri wa Ulaya waliofika Kilimanjaro katika karne ya 19 waliikuta mifereji ikifanya kazi. Wachaga waliiita mifongo. Wapare nao walikuwa na ndiva zao za kulimbikizia maji. Basi mto usioguswa haumo katika kumbukumbu ya mtu yeyote. Atakayeuchagua mwaka wa kuanzia "asili" atakuwa amekwisha kuchagua ni mifereji ya nani ihesabiwe kuwa haki na ya nani ihesabiwe kuwa upungufu.

Hesabu ya upotevu ina ugumu wake pia. Jipe ni ziwa la kina kifupi katika nchi kavu, na sehemu kubwa ya ukingo wake imemezwa na magugu. Jua hula maji mengi hapo. Kwa hiyo meta moja ya ujazo ichukuliwayo Taveta haiupunguzii Ruvu meta nzima, kwa kuwa sehemu yake ingalipotea ziwani hata kama isingaliguswa. Mlalamikaji wa chini akidai meta nzima, amedai zaidi ya alichonyimwa. Na mtumiaji wa juu akisema kuwa yote yangalipotea, amejipatia udhuru usio wake.

Mfano mashuhuri ni mkataba wa Nile wa mwaka 1959. Misri na Sudan zilikubaliana kwamba mtiririko wa asili wa mwaka, ukipimwa Aswan, ni meta za ujazo bilioni 84. Bilioni 10 ziliondolewa kama upotevu wa bwawa. Misri ikapata 55.5, Sudan 18.5. Jumla yatimia bila salio. Hata hivyo Ethiopia, ambako sehemu kubwa ya maji hayo hutoka, haikuwamo katika mapatano. Asiyekuwamo katika hesabu alihesabiwa kuwa hatumii kitu.

Ziwa Chala, lililogawanywa na mpaka huo huo, lafundisha zaidi. Halina mto utokao juu ya ardhi. Maji yake hutoka chini kwa chini. Mwaka 1970 B. R. Payne alichapisha utafiti uliotumia tritiamu na aina za atomu za maji ili kuyakadiria yaingiayo na yatokayo. Kipimio cha mtoni kisingaliweza kuyaona.

Swali hili halingoji mpaka wa dola. Bomba la Mzima, lililojengwa katika miaka ya 1950, huyachukua maji ya chemchemi zilizomo Taita Taveta na kuyapeleka Mombasa, likipita upande wa Voi, nchi yenye kiu. Huko nako mjini huitwa ugavi kile ambacho wenyeji hukiita hasara.

Hapa ndipo mwanaisimu anapohusika. Kitenzi "kupotea" hakimtaji mtendaji: maji yaliyopotea hayana aliyeyachukua. "Kutumika" huacha nafasi ya kuuliza nani na kwa nini. Mwaka 2013 Kenya na Tanzania zilitia sahihi hati ya maelewano juu ya Chala, Jipe na Umba. Nchi hizi zina lugha moja ya kujadiliana, na mkulima wa Taveta na mvuvi wa Jipe wanaielewa. Yafaa basi istilahi za "asili" na "upotevu" zifafanuliwe katika lugha hiyo kabla tarakimu hazijaandikwa, kwani tarakimu ikisha kutiwa sahihi, ni vigumu kuliuliza tena neno lililoizaa.