Uzamili wa sanaa za ufundi

Uzamili wa sanaa za ufundi ni masomo ya chuo kikuu yanayofuata shahada ya kwanza, ambayo mwanafunzi huyachukua ili awe mchoraji, mchongaji, mfinyanzi, mchapaji wa picha au msanii wa fani nyingine inayotazamwa kwa macho. Sehemu kubwa ya masomo hayo ni kutengeneza kazi za sanaa, kuzionyesha na kuzitetea mbele ya walimu na wanafunzi wengine. Kwa kawaida huchukua mwaka mmoja hadi miwili, ingawa baadhi ya vyuo vina kozi ya miaka mitatu.

Shahada hiyo si leseni ya usanii. Nchini Tanzania mtu hahitaji shahada yoyote ili afanye kazi ya uchoraji au uchongaji. Wasanii wengi waliolipatia sifa eneo la kusini mwa nchi, yaani mikoa ya Mtwara, Lindi na Ruvuma, walijifunza kwa ndugu, kwa fundi mwenye karakana au kwa kujaribu wenyewe. Kwa sababu hiyo swali la faida ya uzamili lina uzito wa pekee kwa kijana wa kata kama Chuno katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani.

## Jina

Katika Kiswahili cha Tanzania "sanaa za ufundi" hujumlisha uchoraji, uchongaji, ufinyanzi, ususi na fani za jinsi hiyo, ili kuzitofautisha na sanaa za maonyesho, muziki na filamu. Katika mazungumzo ya kila siku neno "msanii" humaanisha zaidi mwanamuziki au mwigizaji. Anayechora huitwa mchoraji na anayechonga vinyago huitwa mchongaji.

Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), shahada ya kwanza iko ngazi ya 8, uzamili ngazi ya 9 na uzamivu ngazi ya 10. Shahada iliyopatikana nje ya nchi hupelekwa TCU ili itambuliwe.

## Historia

### Ulaya na Marekani

Shule mbili za London zimekuwa na uhusiano mkubwa na wasanii wa Afrika Mashariki. Slade School of Fine Art ilianzishwa mwaka 1871 na ni sehemu ya University College London. Royal College of Art, yenye asili yake mwaka 1837, hufundisha wanafunzi wa uzamili na uzamivu tu.

Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Iowa kilikuwa kati ya vya kwanza kutoa shahada ya uzamili kwa msingi wa kazi za sanaa zenyewe. Mwaka 1940 Elizabeth Catlett, Mmarekani mweusi, alikuwa miongoni mwa wahitimu wa kwanza wa shahada hiyo. Mwalimu wake, mchoraji Grant Wood, alimshauri achague mambo anayoyafahamu vizuri kuliko yote, naye akachonga sanamu ya mama mweusi na mtoto wake. Mwaka 1977 chama cha walimu wa sanaa wa Marekani, College Art Association, kiliikubali shahada hiyo kuwa ya juu kabisa kwa msanii anayetaka kufundisha chuo kikuu.

### Afrika Mashariki

Mafunzo ya sanaa ya ngazi ya chuo yalianza Makerere, Uganda, mwaka 1937 chini ya Margaret Trowell. Shule aliyoianzisha ina jina lake hadi leo. Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zilipokuwa pamoja katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki (1963-1970), Makerere ilikuwa na shule ya sanaa, hivyo Watanzania waliotaka kusoma uchoraji walikwenda Kampala.

Mmoja wa Watanzania wa kwanza kuendelea zaidi alikuwa Sam Ntiro (1923-1993), mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro. Baada ya kusoma na kufundisha Makerere alikwenda Slade, London, kati ya 1952 na 1955. Alirudi akiendelea kuchora maisha ya kijijini kwa mtindo wake wa rangi bapa na watu wengi wadogo. Mchoro wake wa 1956 unaoonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku ulinunuliwa na Museum of Modern Art ya New York mwaka 1960. Baada ya uhuru aliiwakilisha Tanganyika mjini London akiwa Balozi.

Siku hizi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha sanaa za ufundi katika Idara ya Sanaa za Ubunifu, pamoja na muziki na sanaa za maonyesho. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, hutoa mafunzo ya ngazi ya cheti na stashahada. Makerere na Chuo Kikuu cha Kenyatta cha Kenya ni kati ya vyuo vya kanda vinavyotoa uzamili wa sanaa.

## Muundo wa masomo

Ingawa vyuo hutofautiana, masomo huwa na sehemu nne.

* Kazi ya studio. Mwanafunzi hupewa nafasi yake ya kufanyia kazi na muda mrefu bila vipindi. Anatakiwa ajipangie mwenyewe cha kufanya. Asiyezoea kujituma hupata shida hapa kuliko mahali pengine.
* Tahakiki. Kazi hutundikwa au huwekwa katikati ya chumba, kisha walimu, wenzake na wasanii waalikwa huijadili. Mwenye kazi huulizwa kwa nini alichagua umbo, ukubwa na malighafi fulani.
* Nadharia na uandishi. Husomwa historia na nadharia ya sanaa, na mwanafunzi huandika tasnifu au maelezo ya kazi zake. Urefu wake hutegemea chuo.
* Onyesho la mwisho. Kazi za wahitimu huonyeshwa kwa umma na hutahiniwa hapo. Wenye majumba ya sanaa na wanunuzi hutembelea maonyesho ya vyuo vikubwa, na baadhi ya wahitimu hupata kazi yao ya kwanza kwa njia hiyo.

Uzamivu nao unaweza kufanywa kwa njia ya kazi za sanaa. Mchongaji Lilian Nabulime wa Uganda, aliyesoma shahada ya kwanza na uzamili Makerere, alipata uzamivu Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, mwaka 2007. Alitengeneza sanamu kwa vitu vya kawaida, ikiwemo sabuni, ili ziwasaidie watu kuzungumzia Ukimwi na maisha ya wanawake wenye virusi vyake.

## Kujiunga

Mwombaji hutakiwa kuwa na shahada ya kwanza, lakini kinachoamua zaidi ni mkusanyo wa kazi zake: picha za kazi kadhaa, kila moja ikiandikwa jina, mwaka, vipimo na malighafi. Huambatana na maelezo mafupi ya mwombaji kuhusu anachokifanya na anachotaka kukichunguza, barua za wadhamini, na mara nyingi mahojiano. Kazi chache zinazohusiana humweleza msanii vizuri kuliko kazi nyingi za kila aina. Anayechonga hupiga picha za sanamu kutoka pande kadhaa, kwenye mwanga mzuri na nyuma pasipo na vitu vingine.

Gharama ndiyo kizuizi kikubwa. Vyuo vya Uingereza hutoza wanafunzi wa kigeni ada kubwa kuliko wenyeji, na juu yake kuna viza, nyumba na malighafi. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola, Fulbright ya Marekani na DAAD ya Ujerumani ni kati ya mipango inayolipia masomo ya uzamili, ila kila mmoja una masharti yake kuhusu nchi na fani. Kozi ya Royal Academy Schools ya London ni ya miaka mitatu na haitozi ada.

## Baadhi ya wasanii waliosoma

* Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954, alisomea kwanza usanifu wa jukwaa, kisha akapata uzamili wa historia ya utamaduni Royal College of Art mwaka 1984. Mwaka 2017 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kushinda Tuzo ya Turner.
* Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alijifunza kujenga vyungu kwa mkono kutoka kwa wanawake wafinyanzi wa Nigeria kabla ya kuingia Royal College of Art, alikohitimu mwaka 1982.
* Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, alipata uzamili wa uchongaji Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2000. Mwaka 2019 sanamu zake ziliwekwa mbele ya jengo la Metropolitan Museum of Art, New York.
* Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, alisoma Slade, kisha Royal Academy Schools hadi 2010. Huchora juu ya lubugo, nguo ya magome ya mti kutoka Uganda.
* Rehema Chachage wa Tanzania alisoma sanaa Cape Town, kisha uzamili wa nadharia ya sanaa ya kisasa Goldsmiths, London.
* Everlyn Nicodemus, aliyezaliwa Marangu mwaka 1954, alifuata mpangilio tofauti: alikuwa msanii kwa miongo mitatu kabla ya kupata uzamivu Chuo Kikuu cha Middlesex mwaka 2012.

## Mtwara na Chuno

Chuno ni moja ya kata za Manispaa ya Mtwara-Mikindani, katika pwani iliyo kaskazini ya mlango wa mto Ruvuma. Mwanafunzi wa hapo anayetaka kufikia uzamili wa sanaa ana safari ndefu. Somo la sanaa za ufundi limo katika mitihani ya taifa ya sekondari, lakini shule zinazolifundisha ni chache. Dar es Salaam, yenye idara ya sanaa, iko umbali wa takriban kilomita 560 kwa barabara, na kwa uzamili wengi hulazimika kwenda mbali zaidi.

Hata hivyo eneo hilo ni kati ya maeneo yenye utajiri mkubwa wa sanaa nchini. Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma huchonga mapiko, yaani barakoa zinazovaliwa katika ngoma za jando na unyago. Katikati ya karne ya 20 wachongaji waliohama kutoka Msumbiji walianza kuchonga mpingo kwa ajili ya soko la Dar es Salaam. Samaki Likankoa anahesabiwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani, na Roberto Yakobo Sangwani wa mtindo wa ujamaa, ambamo watu wengi hubebana katika gogo moja. George Lilanga (1934-2005), mzaliwa wa kusini, alianza kama mlinzi katika Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, na kazi zake zikafika makumbusho ya nje. Edward Saidi Tingatinga (1932-1972), mwanzilishi wa mtindo wenye jina lake, alitoka Tunduru. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesoma shule ya sanaa.

Mjini Mtwara limewahi kufanyika pia tamasha la MaKuYa, ambalo jina lake limetokana na Wamakonde, Wamakua na Wayao.

Kwa mwanafunzi wa uzamili, urithi huo ni malighafi na pia ni wajibu. Mapiko yana siri: kwa desturi wanawake na watoto hawakupaswa kujua nani yuko ndani ya barakoa. Anayetaka kuyatumia katika kazi zake huhitaji ruhusa ya wenye ngoma, mbali na kibali cha utafiti cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Tena sehemu ya urithi huo iko Ulaya. Mwaka 1906 Karl Weule, Mjerumani, alikusanya vitu vingi Masasi na Newala kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig. Barakoa moja ya Kimakonde iliyoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984 ilionekana baadaye katika Makumbusho ya Barbier-Mueller mjini Geneva, nayo ikarudishwa Tanzania mwaka 2010.

## Hoja kuhusu faida yake

Wanaotetea uzamili husema humpa msanii muda, vifaa, wenzake wa kubishana nao na majina ya watu wa kuwaendea baadaye. Humfundisha pia kuandika kuhusu kazi yake, jambo linalohitajika katika maombi ya maonyesho na ruzuku. Wachongaji wengi wa kusini waliuza kazi zao kupitia wafanyabiashara, na vinyago vingi vilifika makumbusho bila jina la aliyechonga. Anayeweza kuieleza kazi yake kwa maandishi ana kinga zaidi dhidi ya hali hiyo.

Wanaopinga huonyesha kwamba ada ni kubwa na soko la nyumbani ni dogo, hivyo mhitimu hubaki ugenini au huacha sanaa. Husema pia kwamba tahakiki ya vyuo vya nje huweza kumfanya mwanafunzi atengeneze kazi za kuwaridhisha watu wa huko. Mifano ya Ntiro na Armitage huonyesha kwamba hilo si lazima litokee, lakini wote wawili waliingia chuoni au walitoka huko wakiwa na jambo lao la nyumbani la kusema.

Kwa vitendo, matumizi ya uhakika zaidi ya shahada hiyo nchini Tanzania ni kufundisha, kwa sababu mhadhiri msaidizi wa chuo kikuu hutakiwa kuwa na uzamili. Hapo kuna tofauti na Marekani: kule uzamili wa sanaa humtosha mwalimu wa chuo, wakati katika vyuo vya Afrika Mashariki anayetaka kupanda cheo huombwa uzamivu.

## Tazama pia

* Sanaa ya Kimakonde
* Tingatinga
* Chuno
* Chuo Kikuu cha Makerere
* Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo