Kocha Aliyejifunza Kunyamaza

Ukocha wa mameneja, ule wa mtaalamu anayeuliza maswali badala ya kutoa maelekezo, una asili yake katika viwanja vya tenisi vya California, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Timothy Gallwey, aliyewahi kuwa nahodha wa timu ya tenisi ya Harvard, alikuwa akifundisha kama wenzake: shika raketi hivi, kunja magoti, tazama mpira. Akagundua jambo la kumtia haya mwalimu yeyote. Makosa aliyoyakemea yalizidi, na mengine aliyoyaona akanyamaza yalijirekebisha yenyewe. Akamwonyesha mwanafunzi mmoja mapigo kumi bila kumweleza chochote. Wengine akawataka watamke kwa sauti kila mpira ulipodunda na ulipogusa raketi. Miaka hiyohiyo alikuwa akifanya taamuli chini ya Guru Maharaj Ji, kijana wa Kihindi aliyefika Marekani mwaka 1971 akiwa na umri wa miaka 13, na kitabu chake cha mwaka 1974, The Inner Game of Tennis, kilimtaja guru huyo katika tabaruku.

Wapo watakaosema hii ni saikolojia ya umakini tu, na taamuli na yoga ni pambo la zama zile. Hoja hiyo ina uzito: jicho likifuata mpira, akili hutulia, uwe yogi usiwe. Lakini inaeleza faida ya mchezaji peke yake. Kocha analipwa kusema. Kuliona kosa, kuwa na dawa yake mdomoni, kisha kuimeza, kunadai nidhamu nyingine, ile ambayo Patanjali, mwalimu wa kale wa yoga, aliifunga pamoja na mazoezi ya kila siku: kuachilia. Bhagavad Gita, maandiko matakatifu ya Wahindu, nayo inamtaka mtu atende bila kung'ang'ania matunda ya tendo. Sidai kwamba taamuli ndiyo iliyomfumbua Gallwey macho. Nadai kwamba njia yake haikutekelezeka bila kocha kubadilika kwanza.

Sehemu hiyo ndiyo iliyopotea njiani. John Whitmore, Mwingereza aliyetwaa ubingwa wa Ulaya wa mbio za magari mwaka 1965, alijifunza kwa Gallwey, akaipeleka njia hiyo Uingereza na kwenye makampuni. Kitabu chake cha mwaka 1992 kilieneza hatua nne: lengo, hali halisi, njia zilizopo, na utashi. Hatua hizo hukaririka kwenye semina fupi, na kocha anaweza kuzipitia zote huku jibu ameshaliamua moyoni.