Kutoka Mnara wa Saa hadi Momella: Nyayo za Filamu na Nyayo Zetu



Desemba iliyopita, siku chache kabla ya Krismasi, watu saba wa ukoo wetu tulifanya jambo ambalo kwa kawaida tunawaachia wageni. Tulimlipa kijana mwongoza watalii atutembeze Arusha na Momella, kwenye maeneo ilikopigwa filamu ya *Hatari!* Baadhi ya shangazi zangu walicheka. Walisema mtu halipi kuonyeshwa mlima uliomlea. Hata hivyo tulikwenda, na niliyoyaona yananifanya niwaandikie katika kijitabu hiki cha mchango wa mwaka.

Wazo lilitoka kwa binti yangu. Alikuwa amesoma habari za Dubrovnik, mji mkongwe wa Kroatia, ambako watalii hulipa kutembezwa kwa miguu kwenye ngazi na kuta zilizoonekana katika tamthilia ya televisheni ya *Game of Thrones*. Akaniuliza kama na sisi tuna kitu cha namna hiyo. Nikamwambia tunacho, tena kilianza kabla mimi na mama yake hatujazaliwa.

Kwa vijana ambao hawajaiona: *Hatari!* ni filamu ya Kimarekani iliyoongozwa na Howard Hawks. Ilipigwa Tanganyika kuanzia mwishoni mwa mwaka 1960 hadi mwanzoni mwa 1961, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1962. Inahusu kundi la watu wanaokamata wanyama pori kwa ajili ya bustani za wanyama za ng'ambo. Mkuu wa kundi ni John Wayne. Pamoja naye wako Hardy Krüger wa Ujerumani, Elsa Martinelli wa Italia, Gérard Blain wa Ufaransa na wengine. Wanyama wale walikuwa wa pori kweli, na waigizaji wenyewe walipanda magari na kuwafukuza kwa kamba. Muziki ni wa Henry Mancini, na ule wimbo wa ndama wa tembo unapigwa duniani hadi leo, hata na watu wasiojua Arusha iko wapi. Kwa njia hiyo neno letu "hatari" lilifika kwenye majumba ya sinema ya dunia nzima, na jina Momella pia linatajwa ndani ya filamu.

Tulianzia Mnara wa Saa asubuhi, kabla magari hayajawa mengi. Kijana wetu alikuwa hodari. Alikuwa na vipande vya filamu kwenye simu yake, na kila tulipofika mahali alisimama, akatuonyesha, kisha akatuambia tulinganishe. Karibu na mwisho wa filamu ndama wa tembo wanakimbia katika mitaa ya Arusha wakimtafuta yule mwanamke, Dallas. Unauona mji mdogo wenye barabara pana na magari ya kuhesabika. Watoto walifurahi sana. Hata mimi niliyesoma sekondari mjini hapa sikuwahi kuwaza kwamba njia niliyokuwa nikipita kwenda kupanda basi iliwahi kuwekwa mbele ya kamera.

Tukapanda Barabara ya Boma hadi kwenye Boma lenyewe, ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Hapo kijana alitaja kwamba Wajerumani walilijenga kati ya mwaka 1899 na 1900, akataka tuendelee. Mjomba wangu akamzuia kwa upole, akawaambia watoto kwamba mawe ya ukuta ule hayakujipanga. Waliyabeba Waarusha na Wameru kwa kulazimishwa, baada ya kupigwa vita na kunyang'anywa mifugo. Watoto wakaugusa ukuta. Kijana akatoa daftari lake mfukoni na kuandika, jambo lililonipendeza sana.

Tulipokaa kivulini kunywa maji, alituonyesha kipande kingine. Ni pale Waarusha wanapocheza ngoma kumpa heshima Dallas, wakamwita Mama Tembo. Mwanangu wa kiume, ana miaka 11, akauliza, "Huyu dada ni Elsa Martinelli. Na hawa wanaocheza, wanaitwa nani?"

Kijana akatabasamu. "Hao ni wananchi tu."

Hakusema kwa dharau, alijibu kama alivyofundishwa. Lakini mimi ni mhasibu, na katika kazi yangu neno "tu" ndilo linalonifanya nifungue faili upya. Mtu akiniletea matumizi yaliyoandikwa "mengineyo tu", simsainii hadi aniambie ndani yake mna nini.

Mchana tulichukua gari kwenda Usa River, tukakata kushoto kuelekea Ngongongare na kuingia Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1960, mwaka ule ule kamera zilipofika, na wakati huo ikiitwa Ngurdoto. Ndani yake unaruhusiwa kutembea kwa miguu ukifuatana na askari mwenye bunduki, na ndivyo tulivyofanya. Twiga walitutazama bila haraka, nyati walikuwa mbali, na maziwa ya Momella yalikuwa na heroe. Kijana akatueleza habari za Margarete Trappe, Mjerumani aliyefika kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, akafuga na kuwinda Momella, na kufariki mwaka 1957. Akatueleza pia jinsi Hardy Krüger alivyoipenda nchi hii wakati wa kupiga filamu hata akanunua shamba hapo Momella, akaishi miaka kadhaa na kuandika kitabu juu yake. Krüger alifariki Marekani mwaka 2022. Mahali alipoishi pana loji yenye jina la filamu ile.

Yote hayo ni kweli na yanastahili kusimuliwa. Lakini ukisimama Momella, geuka utazame kaskazini. Mwendo mfupi tu kutoka hapo ni Ngarenanyuki. Nikamwuliza kijana, "Na hapo palitokea nini?" Akasema ni kijiji cha wakulima wa nyanya.

Ndugu zangu, nyanya zipo. Lakini tarehe 17 Novemba 1951 serikali ya kikoloni ilianza kuwahamisha Wameru wa Ngarenanyuki kwa nguvu. Tume ya Jaji Mark Wilson ilikuwa imependekeza miaka michache kabla kwamba eneo hilo wapewe walowezi wa Kizungu kwa ufugaji. Watu wapatao 3,000 waliondolewa. Nyumba zilibomolewa na kuchomwa moto, mifugo ikaswagwa. Walielekezwa King'ori, lakini wengi walikataa kuipokea ardhi ile, wakajibana kwa ndugu zao mlimani.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa msichana wa miaka 15. Sasa anakaribia 90, na jioni ya siku ile ile tulifika kwake. Huwa anasimulia kwa vitu, hajali tarehe. Anakumbuka mama yake akirudi ndani kuchukua jiwe la kusagia, askari akamzuia. Anakumbuka ndama mmoja aliyebaki nyuma akilia. Anakumbuka usiku wa kwanza, watoto wakilazwa chini ya migomba ya watu.

Sasa weka miaka hiyo sambamba. Watu wetu waliondolewa Ngarenanyuki mwishoni mwa 1951. Miaka tisa baadaye, jirani kabisa na hapo, dunia inaletewa picha ya nchi nzuri isiyo na wenyewe, yenye wanyama, vumbi, mlima na wageni wachache mashujaa. Miezi ile ile ya kamera, Mwalimu Nyerere alikuwa tayari Waziri Kiongozi. Tarehe 1 Mei 1961 akawa Waziri Mkuu, na Desemba 9 bendera ikapandishwa. Filamu ilipoanza kuonyeshwa mwaka 1962, Tanganyika ilikuwa nchi huru. Ukiitazama filamu yote, hutajua hata moja la hayo.

Simlaumu Howard Hawks. Alikuja kutengeneza filamu ya kuwakimbiza faru, na alichokuja kufanya alikifanya vizuri. Kazi ya kuandika habari zetu haikuwa yake. Ilikuwa yetu, na wazee wetu waliianza vizuri kuliko sisi.

Mwaka 1952 Wameru walichangishana. Ng'ombe waliuzwa, kahawa ikauzwa, shilingi zikatolewa kidogo kidogo kupitia Umoja wa Wananchi wa Meru, ili Kirilo Japhet aende New York. Alisimama Umoja wa Mataifa, na kesi ikasukumwa pamoja na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Azimio la kuwatetea halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu. Kwa hesabu ya siku ile walishindwa. Lakini dunia ilikuwa imesikia, na Tanganyika nzima ikajifunza kwamba mkulima wa kahawa anaweza kuishitaki serikali mbele ya mataifa. Leo Ngarenanyuki wanaishi watu wetu tena. Tena Japhet na Seaton hawakuishia kwenye kuzungumza. Waliandika kitabu juu ya kesi ile, kikachapishwa mwaka 1967. Ndiyo maana majina yale hayakuishia kuwa "wananchi tu".

Pale Dubrovnik nilikoanzia, malangoni mwa mji mkongwe kuna ramani inayoonyesha paa zilizopigwa mabomu katika vita ya 1991 na 1992. Mtalii aliyekuja kwa ajili ya tamthilia anaipita akiingia, apende asipende. Wenyeji waliiweka hapo wenyewe. Sisi tumeweka nini njiani kuelekea Momella?

Nilihifadhi risiti za siku ile, ndiyo tabia ya kazi yangu. Watu saba tulitumia jumla ya shilingi 412,000: mwongozaji, gari, mafuta, viingilio na chakula. Katika hizo, fedha iliyobaki mkononi mwa mtu wa kijijini kwetu ilikuwa shilingi 18,000, za chai, maandazi na ndizi mbivu kwa mama mmoja wa Ngarenanyuki. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa hesabu hii, mwenyeji bado hajapona.

Kwa hiyo, pamoja na madawati na maji ambayo chama chetu kinaendelea kuyagharamia, naunga mkono pendekezo litakaloletwa kwenye mkutano wetu la kuwa na kifungu kidogo cha kumbukumbu. Kazi yake ni tatu. Kwanza, kurekodi sauti za wazee waliohamishwa mwaka 1951 na waliokuwapo filamu ilipopigwa, kabla hawajatuacha. Pili, kukusanya picha na karatasi zilizolala kwenye masanduku yetu, zinakiliwe, kisha zirudishwe kwa wenyewe. Tatu, kuwafundisha vijana wetu wachache waongoze matembezi hayo wao wenyewe, wakianzia Bomani na kuishia Ngarenanyuki, mgeni anywe chai kwa mama wa kijijini na alipe bei ya haki. Fedha ya kifungu hiki iwe na daftari lake, na hesabu zake zisomwe mbele yenu kila mwaka. Hilo nitalisimamia mwenyewe mkinituma.

Yule kijana aliyetutembeza hana kosa. Tulipoagana alimwuliza bibi yangu kama angeweza kurudi na daftari lake. Bibi akamwambia aje, lakini asije saa ya kukamua.

Kabla hajaondoka alimwonyesha Bibi kile kipande cha ngoma kwenye simu. Bibi aliisogeza karibu na macho, akatazama hadi mwisho. Tulidhani atamtambua mtu. Hakumtambua hata mmoja. Akaomba arudishiwe nyuma, pale ambapo mlima unaonekana kwa mbali, akaweka kidole kwenye kioo. "Mlima ukikaa hivi," alisema, "mpigaji picha alisimama upande wa kwetu."

Kama nyumbani kwako yuko mzee anayeweza kutaja hata jina moja la waliocheza, waliosukuma magari, waliopika au waliolinda wanyama katika filamu ile, au jina la aliyelala chini ya migomba mwaka 1951, liandike leo. Andika na kijiji na jina la baba. Weka karatasi hiyo katika bahasha ya mchango iliyomo ndani ya kijitabu hiki, pamoja na chochote ulichojaliwa. Mhazini ataipokea fedha, na mimi nitayapokea majina.