Gyoza: Kutoka Manchuria hadi Kyoto

Desemba 24, 1967, Kato Asao alifungua mgahawa wake wa kwanza wa Gyoza no Ohsho katika eneo la Shijo Omiya, jijini Kyoto. Alichouza, gyoza, kilikuwa chakula ambacho kizazi kimoja nyuma Wajapani wengi hawakuwa wakikijua: vifuko vya unga wa ngano vyenye nyama ya nguruwe na mboga ndani, vidogo kuliko sambusa.

Asili yake ni China ya kaskazini, ambako huchemshwa na kuliwa kama mlo kamili. Wajapani wengi walikizoea Manchuria, eneo la kaskazini mashariki mwa China walilolitawala kupitia dola ya Manchukuo kuanzia 1932. Japani iliposhindwa vita mwaka 1945, walowezi na askari zaidi ya milioni moja walirudi makwao mikono mitupu. Nchini kulikuwa na njaa, na ngano kutoka Marekani ilikuwa ikiingia. Baadhi ya waliorejea walianza kutengeneza gyoza na kuuza kwenye vibanda vya masoko ya magendo.

Huko chakula kikabadilika. Ngozi ikawa nyembamba, kabichi ikaongezwa na kitunguu saumu kikakolea. Kuchemsha nako kukaachia nafasi kukaanga: gyoza hupangwa safu kwenye bamba la chuma lenye moto, humwagiwa maji na kufunikwa zive kwa mvuke. Maji yakishakauka, upande wa chini hukauka pia na kuwa wa kahawia, huku wa juu ukibaki laini. Sahani moja huwa na sita, na huliwa kwa wali au bia.

Kato alijenga biashara yake juu ya bei nafuu, akiwalenga wafanyakazi na wanafunzi. Katika tawi la Demachi, Kyoto, mwanafunzi asiye na pesa aliosha vyombo kwa dakika 30, akala akashiba bila kulipa. Utaratibu huo ulidumu hadi tawi lilipofungwa Oktoba 2020. Mwaka 1969 jamaa wa Kato alianzisha mgahawa mjini Osaka, ambao baadaye ulijitenga na kuwa mshindani, Osaka Ohsho. Leo Gyoza no Ohsho ina matawi zaidi ya 700 nchini Japani.

Mwaka 2005 kampuni ilikwenda Dalian, bandari ya kaskazini mashariki mwa China iliyokuwa mikononi mwa Wajapani kuanzia 1905 hadi 1945. Wenyeji, waliozoea gyoza za kuchemsha, hawakuvutiwa na za kukaanga zinazoliwa kama kitoweo cha wali. Mwaka 2014 kampuni ilijiondoa. Bei nafuu iliyowavuta wanafunzi wa Kyoto haikufua dafu Dalian, kwani watu wa huko walikuwa na gyoza zao tangu zamani, na hizi za Kyoto zilikwisha kuwa chakula cha Kijapani.